Filamu yetu ya kutisha imegeuka kichekesho. Nimtoe rafiki yangu?

Shangazi, pokea salamu kutoka Busia, upande wa Uganda.

Nina miaka 26. Mchana najaza fomu za mizigo mpakani, jioni na wikendi natengeneza filamu na wenzangu. Tuko sita. Watano tumekua mtaa mmoja, wa sita alitujia kutoka Tororo. Hakuna aliyesomea kazi hii. Tuna simu yangu, laptopu yangu, tochi mbili na taa ya bodaboda ya mwenzetu mmoja. Tulianza na klipu za vichekesho, tukapiga video ya wimbo wa dada mmoja wa kundi letu, na mwaka jana nikasema imetosha, sasa tutoe filamu nzima, na iwe ya kutisha.

Hadithi nimeitunga mwenyewe. Kuna ajenti wa mizigo anayeheshimika, anavaa tai, kanisani anakaa mstari wa mbele, kumbe usiku ni mwanga: anavua nguo, anakimbia kwenye viwanja vya watu na kurusha mawe juu ya mabati. Mjane mmoja anamgundua, na kuanzia hapo watu wa kijiji wanaanza kufa mmoja mmoja. Huku kwetu kila mtu anamjua jirani anayesemwa hivyo, kwa hiyo niliamini watazamaji wataogopa kweli.

Nafasi ya huyo mwanga nilimpa rafiki yangu wa tangu utotoni. Hapa nitamwita Kicheko. Sini ya kwanza anatakiwa atoke gizani nyuma ya migomba, amtazame mjane, asiseme neno. Basi akatoka, akamtazama, mjane (ambaye ni yule dada mwimbaji) akapiga yowe, na Kicheko akasema kwa adabu zote, "Samahani mama, hapa si kwa mwenyekiti?" Tukaanguka chini kwa kucheka, hata mshika tochi. Nikaagiza turudie. Kila tukirudia anaongeza neno lingine. Betri ikaisha, nikabaki na hiyohiyo.

Mwenye kibanda cha video karibu na stendi aliona kipande kwenye simu akaomba aonyeshe hata kabla filamu haijaisha. Tukampa dakika 38, kiingilio shilingi 1,000. Kibanda kilijaa Jumamosi mbili. Watu walicheka mpaka wakawa wanapiga mabenchi. Sini ninayoipenda mimi kuliko zote, mjane akiwa peke yake ndani anasikiliza mawe yakidondoka juu ya bati, walicheka pia. Shangazi, niliumia. Mwenye kibanda akatupa fungu letu, shilingi 186,000, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Kicheko anakata vipande vyake na kuviweka TikTok kwa jina lake, filamu haitajwi wala sisi. Ameanza kuitwa kuwa MC kwenye sherehe za introdakshen, zile za kutambulisha wachumba, analipwa, na hatuambii kitu. Anadai apewe nusu ya zile 186,000 kwa sababu watu walikuja kumwona yeye. Dada mwimbaji anataka wimbo wake wa dakika nne uingie mzima, tena katikati ya pale mjane anapokimbizwa. Mchumba wake hataki atoke usiku tena. Juzi tukiwa kazini, Kicheko na kaptura yake na majivu mwili mzima, majirani walitutokea na mapanga na mbwa, ikabidi tupige kelele "Filamu! Filamu!" hadi wakatuelewa. Tangu siku hiyo wenzetu wawili hawaji.

Simu ni yangu, laptopu ni yangu, wazo ni langu. Memori kadi nilinunua mimi kwa 45,000, na chakula cha watu nilitoa mimi. Zimebaki sini kama tano, mojawapo ya wanajeshi wanaokuja kumsaka mwanga, na nyingine ya mwanga akibeba mtoto mchanga ndani ya gunia. Nafikiria kumtoa Kicheko, nitafute mtu mwingine, nipige upya tangu mwanzo, itishe kama nilivyokusudia. Lakini ni rafiki yangu. Nifanyeje? Na hela nizigawe vipi?

Mwongozaji aliyechoka, Busia


Shangazi anajibu:

Mwanangu,

Umeyapanga mambo yako kwa uzito unaouona wewe. Mimi naanza na lile ulilolitaja mara moja ukapita: watu walitoka na mapanga.

Wewe unajua ni filamu. Bibi aliyelala ndani na wajukuu anasikia mbwa, anachungulia, anaona mwanamume mwenye majivu anakatiza kwenye migomba yake saa tano usiku. Habari za kamera atazijulia wapi? Katika nchi hii mtu anapigwa na kundi hadi kufa kwa kudhaniwa mwizi wa kuku, sembuse mwanga. Wale wawili walioacha kuja hawakuwaasi, wana akili. Kabla hamjapiga sini nyingine hata moja ya usiku, andika barua kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, yenye mahali, tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, na majina yenu wote, aigonge muhuri. Nakala ipeleke kituo cha polisi. Kisha mpite nyumba kwa nyumba mchana, wewe na Kicheko akiwa amevaa shati, waione sura yake na kucheka naye. Usiku wenyewe, kijana anayejulikana mtaani hapo asimame njiani awaeleze wapitao. Na usidhani unapoteza muda: uliowaambia watakuja kuchungulia, na waliochungulia ndio watakaolipa kiingilio filamu ikitoka.

Sini ya mtoto ndani ya gunia ifute kabisa. Uganda imezika watoto waliouawa kwa ajili ya kafara, hadi Bunge likatunga sheria maalumu ya kuzuia kafara ya binadamu mwaka 2021. Mtu akiliona gunia linalolia usiku hatangoja maelezo yako, na mzazi aliyeketi kibandani hatakuwa anaburudika. Gunia libaki, ila lijae mawe. Alibebe kwa shida, tuone kijiji kizima kinavyoliogopa, watu wabishane kuna nini ndani, halafu lipasuke: mawe matupu, ya kurusha. Hapo wataogopa na kucheka kwa kiingilio kilekile.

Wanajeshi nao waache kambini. Septemba 2019 mavazi ya jeshi yalitangazwa kwenye Gazeti la Serikali, hadi bereti nyekundu, na raia akikutwa nayo anaweza kwenda jela. Ninyi mko mpakani, ambako askari wa kweli hawakosi. Usishone, usiazime kwa binamu yako. Tena fikiria, kijijini anayemsaka mwanga ni nani siku zote? Ni mwenyekiti na tochi yake, vijana wenye marungu, na mzee mmoja anayerudia kwamba alishawaambia tangu zamani. Hao wote unawapata bure, na kila mtazamaji atamtambua yule mzee.

Sasa tuje kwa Kicheko. Kumtoa, sahau. Na sisemi hivyo kwa ajili ya urafiki.

Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa na kibanda cha video Malaba, tangu enzi za kanda za VHS hadi zikaja diski. Kazi yangu ilikuwa mlangoni, na mtu wa mlangoni hatazami filamu, anatazama watu. Ninakwambia kitu nilichokiona huko: mtazamaji wa kwetu haketi kimya gizani kungoja kutishwa. Amelelewa na VJ. VJ anaitafsiri filamu huku inaendelea, anawabatiza wahusika majina ya mtaani, anamwonya shujaa, anamtukana adui, anatania hata msiba. Ungeleta filamu isiyo na neno moja la mzaha, mwenye kibanda angewasha maiki na mzaha ungeingia tu. Bora basi utoke kwenye kinywa cha mtu wenu.

Na wewe mwenyewe ulichagua hadithi gani? Mtu mzima mwenye tai, anavua nguo ili arushie mabati mawe. Hadithi za wanga huku kwetu husimuliwa kwenye matanga, usiku wa manane, watu wanacheka mpaka machozi, halafu hakuna anayetaka kwenda chooni peke yake. Kicheko hakukuharibia. Ameielewa hadithi yako kukushinda. Ile "hapa si kwa mwenyekiti?" imechekesha kwa sababu kila mtu wa mpakani amewahi kukutwa mahali asipopaswa kuwa akajifanya anauliza njia. Hilo ni jicho la mtu anayetazama watu, na mwigizaji mwenye jicho hilo hapatikani kila mtaa.

Lakini kwenye sini ya mjane peke yake uko sahihi, na hapo sitakubembeleza ukubali kicheko. Ile ilipaswa kunyamazisha kibanda. Ilishindwa kwa sababu moja tu: watazamaji walijua Kicheko yuko nje. Ulishawaonyesha. Jiwe likigonga bati, wao wanaona sura yake ya adabu. Kubadilisha mwigizaji hakutatibu hilo. Anayepaswa kubadilika ni yule wanayemdhania kuwa anarusha.

Nakupa sini, ikikufaa ichukue. Waache wacheke na Kicheko nusu ya kwanza yote, washibe. Halafu siku ya kesha kanisani, tumwone ajenti wetu mstari wa mbele, na tai yake, anaimba. Kijiji kizima kimo humo ndani isipokuwa mjane, anayeumwa. Kata uende kwa mjane: yuko kitandani, kimya. Jiwe linadondoka juu ya bati. Rudi kanisani: ajenti bado yuko palepale, lakini ameacha kuimba, anasikiliza. Jiwe la pili. Nani anarusha? Usijibu upesi. Nina hakika ukionyesha hilo kibandani, hakuna atakayepiga benchi.

Na katika sini hiyo mwombe Kicheko asiseme lolote. Mwombe, usimwamuru. Mcheshi akinyamaza watu huanza kuhofu wenyewe, maana walimzoea akisema. Kamwambie hivyo mkiwa wawili, mbele ya chapati na chai, si mbele ya kundi. Mbele ya kundi atafanya mzaha, kwa sababu kundi linamtegemea afanye mzaha.

Ukishapata hadithi, sauti ndiyo itakayokubeba. Simu za bei yetu gizani zinatoa picha yenye chengachenga, na mtu akitishwa na chengachenga anatishwa na ubovu. Sini za nje pigeni jua likishazama tu, mbingu bado ina rangi. Bonyeza kioo cha simu kwa muda hadi ifunge kipimo cha nuru, kisha kishushe, picha itasoma kama usiku. Tochi iwe ya ubavuni. Tochi ya mbele inamfanya mwanga aonekane kama anapigwa picha ya kitambulisho. Simu ya pili, ya mtu yeyote, iwe inarekodi sauti karibu na mwigizaji: mjane amevaa gomesi, lile gauni pana la kienyeji, humo ndani zingefichika simu tatu. Pigeni makofi mara moja mwanzoni mwa kila kipande ili upate pa kuoanisha sauti na picha. Na mawe juu ya bati yarekodi peke yake, ukiwa ndani ya nyumba, saa ambayo malori yamelala, kama huko Busia saa hiyo ipo.

Damu, kama wafu wako watatoka damu: rangi nyekundu ya chakula, sukari iliyochemshwa, kakao kidogo ili isiwe kama soda. Ya ng'ombe hapana. Wale watengeneza filamu wa mtaa wa Wakaliga, Kampala, waliitumia mwanzoni wakaiacha mwigizaji mmoja alipougua.

Hao wa Wakaliga unapaswa kuwafahamu vizuri, maana wamepita njia hii mkiwa bado watoto. Nabwana I.G.G., aliyekuwa mfyatua matofali, alianzisha Ramon Film Productions mwaka 2005 nyumbani kwake, na majirani na marafiki wakawa waigizaji. "Who Killed Captain Alex?" ya 2010 bajeti yake inatajwa kuwa chini ya dola 200. Iliitwa filamu ya kwanza ya mapigano ya Uganda, watu wanakufa tangu mwanzo hadi mwisho, na juu yake kuna sauti ya VJ Emmie akiwatania wote. Dunia ilipoiona ilipenda vyote viwili kwa pamoja, vifo na utani. Mwaka 2019 filamu yao nyingine ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto, Kanada. Sikwambii kwamba mtafika Toronto. Nakwambia kwamba mchanganyiko unaokuumiza moyo ndio uliowatoa mtaani.

Hela. Hapa nitakuwa mkali kidogo kwako.

Toa 45,000 za memori kadi, hizo ni zako, tena onyesha risiti. Zinabaki 141,000. Gawa kwa sita, kila mtu 23,500, pamoja na wale wawili walioacha kuja, kwa sababu dakika 38 zilizoonyeshwa walizifanyia kazi. Chakula hukukiandika mahali, kwa hiyo kihesabu kuwa ulikaribisha wageni. Simu na laptopu ulikuwa nazo kabla ya filamu na bado unazo. Kuanzia sasa mnaweza kukubaliana kwamba mapato yagawanywe mafungu saba, la saba liwe la vifaa, na mwenye vifaa ndiye anayelishika. Waambie hivyo kabla ya hela ijayo kuingia. Ukiwaambia hela ikiwa mezani utaonekana mwizi, hata kama una haki.

Kicheko anadai nusu. Jumamosi ya kwanza hakuna aliyemjua, watu walikuja kuona filamu ya vijana wa hapa. Ya pili, nakubali, walikuja kwa ajili yake. Hilo alipwe kwa jina: liwe la kwanza kwenye bango, kubwa. Hela za uMC ni zake, ziondoe akilini, hakuna mwenzako aliyekuja kudai mshahara wako wa mpakani. Klipu ni jambo tofauti. Zile picha ulizipiga wewe, dada yule yumo, mshika tochi alisimama kwenye umande. Aendelee kuziweka, maana ni tangazo msilolilipia, lakini kila klipu iandikwe jina la filamu na la kundi, na kitu chochote cha nusu ya pili kisitoke. Akikataa hilo, hapo ndipo mtakuwa na ugomvi wa kweli. Sidhani atakataa. Kama angekuwa mtu wa kuwakimbia, angeshakwenda na klipu zake.

Unarudia kwamba wazo ni lako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Uganda, ya mwaka 2006, inalinda kazi iliyokwisha kuandikwa au kurekodiwa. Wazo tupu hailindi. Walioitunga kazi pamoja wanaimiliki pamoja, na mwigizaji ana haki zake juu ya uigizaji wake. Yale maneno ya kwa mwenyekiti hukuyaandika wewe. Kwa hiyo ukimtoa, yeye kesho anaazima simu, anatengeneza filamu yake ya ajenti anayekimbia usiku, na sheria haitamzuia. Watu watakwenda kwa nani, unajua. Skripti yako, ile uliyoiandika, ndiyo mali yako. Iwekee tarehe, na filamu ikiisha mnaweza kuisajili URSB, ofisi ya serikali ya usajili, si kwa sababu bila usajili hamna haki, ila siku ya kubishana mtu mwenye karatasi haulizwi maswali mengi.

Karatasi ya kundi iwe ukurasa mmoja, Kiswahili chenu cha kila siku. Mgawanyo wa hela. Nani ana neno la mwisho kwenye kukata filamu, na hapo simama imara kwamba ni wewe, kwa sababu watu sita hawawezi kushika mkasi mmoja. Mtu akiacha njiani anapata nini. Klipu zinatokaje. Wote watie saini, na mtu mzima mmoja asiye ndugu wa yeyote ashuhudie.

Wimbo wa dada hautanichelewesha. Hakuna mjane anayekimbizwa dakika nne huku muziki unamwimbia. Lakini usiutupe. Mwanzoni, akipika, aimbe kiitikio chake kwa sauti ya chini, kama mtu asiyejua anaimba. Baadaye, usiku, mtu aupige mluzi huohuo nje ya dirisha. Unajua sote tulivyokatazwa kupiga mluzi usiku. Wimbo mzima uweke mwishoni, majina yakipita, na kata video yake peke yake aitangaze anavyotaka. Ila muulize biti aliitoa wapi. Kama ni ya kupakua YouTube, mwenye nayo anaweza kuifanya filamu yenu izuiwe au achukue mapato ya matangazo, na ninyi mtakuwa mmemfanyia kazi mtu msiyemjua. Kijana wa studio hapo mjini amtengenezee biti nyingine, na aandikiane naye.

Mchumba wake ana haki ya kuogopa, nami ningeogopa. Mkishahamia kupiga jua likizama, nusu ya hofu yake itakwisha. Nusu iliyobaki, mkaribishe aje ashike tochi ya ubavuni. Wanaume wengi wanaopinga filamu hupoa wakipewa kazi.

La mwisho ni mafaili. "Captain Alex" ile ya asili haipo. Nabwana alilazimika kuifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi ya filamu iliyofuata, na kinachotazamwa leo duniani kimetokana na nakala iliyobaki, yenye ubora hafifu. Wewe una memori kadi moja, laptopu moja, na umeme unaojulikana tabia yake. Kabla ya kugawa zile 141,000, wasemeshe wenzako kama watakubali mnunue kwanza flashi ya kutosha au diski ya mitumba, kisha mgawane kinachobaki. Nakala moja ibaki kwako. Ya pili mpe yule dada aitunze kwao, asimpe Kicheko, na wewe usiishike. Bado hamjapatana kiasi hicho.